Kitenzi "Predict" na Jamaa Zake: Je, Kila Asemaye ya Kesho Anatabiri?

Utangulizi

Katika somo la tafsiri kuna maneno ambayo mwanafunzi huyaogopa, na kuna mengine ambayo huyapita mbio kwa kuwa anadhani anayajua. Hayo ya pili ndiyo yenye hasara kubwa zaidi. Neno linaloogopwa hutafutwa katika kamusi, huulizwa kwa mwalimu, hujadiliwa na wenzake bwenini. Lile linalodhaniwa kujulikana huandikwa tu, na kosa lake huonekana baadaye, pengine mahali ambapo halirekebishiki tena.

Kitenzi cha Kiingereza "predict" ni cha kundi hili la pili. Mwulize mwanafunzi yeyote wa idara yetu maana yake, naye atajibu bila kusita: kutabiri. Jibu hilo si kosa. Kamusi zinalikubali na mitihani imelizoea. Hata hivyo, muhula uliopita tulipata sababu ya kulitazama upya, na ndiyo iliyotusukuma kuandika makala haya.

Tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili taarifa fupi ya Kiingereza kuhusu mvua za Machi hadi Mei waitafsiri kwa Kiswahili. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "Heavy rainfall is predicted over the western districts." Karibu darasa zima liliandika, "Mvua kubwa imetabiriwa katika wilaya za magharibi." Wachache waliandika, "Mvua kubwa itanyesha katika wilaya za magharibi." Sarufi ilikuwa sahihi kote. Tuliposahihisha pamoja, mwanafunzi mmoja kutoka Rubavu aliomba kusema. Kwao Kiswahili ni lugha ya nyumbani, kwa kuwa baba yake hufanya biashara ya kuvuka mpaka kwenda Goma. Alisema, "Mwalimu, baba akisikia redioni kwamba mvua imetabiriwa, hucheka. Huniambia: mwanangu, watabiri tunao wa kutosha kanisani. Hao wa redioni nao tusubiri tuone."

Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Kila mmoja wetu alikumbuka usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, pale mvua ilipoporomosha milima na mto Sebeya ukafurika, na watu zaidi ya 130 wakapoteza maisha nchini Rwanda, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi. Katika usiku wa namna hiyo, tofauti kati ya mtu anayesema "tusubiri tuone" na mtu anayebeba watoto na kupanda mahali salama ni tofauti ya uhai. Ikiwa neno moja la mfasiri linaweza kumfanya msikilizaji akae, basi neno hilo linastahili kuchunguzwa.

"Predict" inasema nini, na nini haisemi

Asili ya kitenzi hiki ni Kilatini: "prae", yaani kabla, na "dicere", yaani kusema. Kwa hiyo maana yake ya msingi ni kusema jambo kabla halijatokea. Mwenzake wa Kiingereza cha asili, "foretell", umejengwa kwa namna hiyohiyo: "fore" ni mbele au kabla, na "tell" ni kuambia. Tofauti iliyopo leo ni ya mazingira zaidi. "Foretell" ina harufu ya hadithi na mambo ya kale, ilhali "predict" imekuwa neno la magazeti, la maabara na la ofisi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kitenzi hiki kinatueleza tu kuwa mtu amesema kabla. Hakitwambii amejuaje. Mganga aliyetazama kibuyu anaweza "ku-predict". Mtaalamu wa uchumi aliyekesha na takwimu anaweza vilevile. Shabiki wa kandanda anayepiga domo kijiweni naye hali kadhalika. Kiingereza kinawafunika wote kwa shuka moja, na kumwachia msomaji atambue kwa muktadha ni nani aliye chini yake.

Zaidi ya hayo, kitenda cha "predict" si lazima kiwe mtu. Waingereza husema kwamba nadharia fulani "predicts" jambo fulani. Mfano ulio maarufu ni nadharia ya uhusianifu ya Einstein ya mwaka 1915, ambayo kwayo mwanga wa nyota ulipaswa kupinda unapopita karibu na jua. Jambo hilo lilipimwa wakati wa kupatwa kwa jua tarehe 29 Mei 1919, katika kisiwa cha Príncipe na mjini Sobral, Brazil. Tukisema kwa Kiswahili kwamba "nadharia ilitabiri", msomaji ataelewa, lakini atahisi kwamba nadharia imevishwa kanzu isiyo yake. Tukisema, "Kwa mujibu wa nadharia hiyo, mwanga ungepaswa kupinda," hakuna kilichopotea.

Mwisho, kitenzi hiki hupenda sana hali ya kutendwa: "is predicted", "was predicted". Katika hali hiyo msemaji hupotea kabisa. Imetabiriwa, lakini na nani? Kwa Mwingereza, uzoefu wa kusoma taarifa za namna hiyo hujaza pengo. Kwa msikilizaji wetu, pengo hilo hujazwa na watu anaowajua wanaotabiri, na hao, kama yule baba alivyosema, wako kanisani.

Mwingereza aliyelikataa neno

Inafaa kujua kwamba Waingereza wenyewe waliwahi kuhangaika na tatizo hili. Usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Oktoba 1859, dhoruba kali iliipiga pwani ya Uingereza, na meli iliyoitwa Royal Charter ikavunjika karibu na kisiwa cha Anglesey. Watu zaidi ya 400 walikufa. Wakati huo idara ndogo ya hali ya hewa iliyoanzishwa mwaka 1854 ilikuwa chini ya Robert FitzRoy, nahodha yuleyule aliyemchukua Charles Darwin katika meli ya Beagle miaka ya 1830. FitzRoy aliona kwamba kwa msaada wa simu ya waya, iliyokuwa mpya, habari za upepo na mgandamizo wa hewa zingeweza kukusanywa haraka kutoka bandari mbalimbali, na mabaharia wakaonywa mapema.

Mwaka 1861 alianza kutuma ishara za dhoruba bandarini, na tarehe 1 Agosti mwaka huohuo taarifa yake ya kwanza kwa umma ikachapishwa katika gazeti la The Times. Alihitaji jina la kuiita taarifa hiyo. Lugha yake ilikuwa na "prophecy" na ilikuwa na "prediction", naye aliyakataa yote mawili waziwazi. Alichagua "forecast", na katika kitabu chake cha mwaka 1863 alieleza kwamba kwa neno hilo alikusudia maoni yanayotokana na kuunganisha vipimo na kupiga hesabu kisayansi.

Chaguo lake lilikuwa la hekima, kwa kuwa "forecast" hapo zamani ilimaanisha kupanga jambo kabla, kuweka mikakati ya mbele. Mwenye kupanga anaweza kubadili mpango hali ikibadilika, na hakuna atakayemwita mwongo. Nabii hana nafasi hiyo. Unabii wake ukikosea mara moja, habari yake imekwisha.

Pamoja na hayo, FitzRoy hakusalimika. Siku ambazo taarifa zake hazikutimia, magazeti yalimdhihaki. Mwaka 1865 alijitoa uhai, baada ya miaka mingi ya dhiki za aina nyingi, na mwaka uliofuata taarifa hizo zilisitishwa. Waliokuja kuzitetea ishara za dhoruba walikuwa wenye kuzihitaji, watu wa baharini, nazo zikarudishwa mwaka 1867. Taarifa za umma zilirejea magazetini mwaka 1879. Leo "forecast" imezoeleka kiasi kwamba hakuna Mwingereza anayeisikia kama uaguzi. Neno lilichaguliwa vizuri, kisha likapewa muda.

Vitenzi vyetu

Sasa tugeukie Kiswahili. Tofauti na "predict", vitenzi vyetu vingi vya kundi hili hubeba ndani yake habari ya msingi wa kusema. Tuvitazame kimoja kimoja.

Kuagua. Hiki ndicho cha Kibantu hasa. Ni ndugu wa damu wa "kuragura" ya Kinyarwanda na "okulagula" ya Kiganda. Kiswahili kimedondosha tu konsonanti ambazo wenzake wamezihifadhi, kama ambavyo "gufungura" ya Kinyarwanda ni "kufungua" kwetu. Mwaguzi hutumia vyombo: bao, ramli, kibuyu. Tena kazi yake si ya kesho peke yake. Mara nyingi hutazama nyuma, kujua nani au nini kilicholeta ugonjwa. Kwa hiyo kuagua ni kufichua kilichofichika, kiwe kilikwisha tokea au bado.

Kutabiri. Chanzo chake ni Kiarabu, katika neno lenye maana ya kufasiri, hususan kufasiri ndoto. Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Kwa asili, mtabiri si mtu aonaye kesho. Ni mtu anayeletewa dalili, yaani ndoto, akaeleza inaelekeza wapi. Kwa maana hiyo ya asili, mtaalamu wa hali ya hewa anayesoma picha za setilaiti ni mtabiri halali kabisa. Lakini maneno hayaishi katika asili yake, huishi vinywani mwa watu. Biblia ya Kiswahili imekitumia kitenzi hiki kwa kazi ya manabii, na mahubiri ya kila wiki yamekikaza hapo. Katika miji ya mpakani na Kongo, mtu akitajwa kuwa anatabiri, wengi hufikiria kwanza maono na ujumbe kutoka mbinguni.

Kubashiri. Nacho ni cha Kiarabu, na mzizi wake ni wa kuleta habari njema. Ndiyo maana tuna "bishara". Katika matumizi ya sasa kimepanuka kikawa kusema yatakayotokea, mema kwa mabaya, na siku hizi kimehamia pia katika michezo ya kubahatisha, ambako vijana hubashiri matokeo ya mechi kwa fedha. Mfasiri akikitumia katika taarifa ya serikali ajue kwamba kina harufu hiyo.

Kukisia na kukadiria. Hivi ni vya mwenye kipimo mkononi, japo kipimo chenyewe hakijakamilika. Bajeti ina makisio na makadirio, haina utabiri. Msomaji akiviona anajua kwamba tarakimu inaweza kupanda au kushuka, na hatakasirika ikibadilika.

Kutarajia na kutazamia. Hapa anayesema ana sababu ya kungoja jambo litokee. Ni vitenzi vya mtu anayejiandaa. Anayetarajia mgeni hufagia nyumba.

Kuashiria. Hiki hakihitaji mtu. Wingu huashiria mvua, na homa huashiria ugonjwa. Kinafaa sana pale Kiingereza kinapotumia "bode" au "augur", na pale watafiti wanaposema kwamba kipimo fulani "predicts" matokeo fulani. Kwa taarifa ya msomaji, "augur" ya Kiingereza inatokana na makuhani wa Roma ya kale waliotazama ndege angani ili kujua kama shughuli ina heri. Nasi Waswahili tunasema "ndege njema" na "ndege mbaya" kwa maana ya ishara ya heri au ya shari. Watu wawili wasiojuana walitazama anga moja.

Kuonya, kutahadharisha. Hivi havisemi kwamba jambo litatokea. Vinasema kwamba hatari ipo, na kwamba kuna la kufanya.

Majirani wamechagua nini?

Kwa kuwa wanafunzi wetu wengi huja na Kinyarwanda, na baadhi na Kiganda, tuliwauliza taarifa ya hali ya hewa inaitwaje kwao. Kwa Kinyarwanda ni "iteganyagihe". Neno hili limeunganishwa kutokana na "guteganya", yaani kupanga au kujiandaa mapema, na "igihe", yaani wakati. Kwa Kiganda ni "enteebereza y'obudde", kutokana na "okuteebereza", ambayo maana yake ni kukisia.

Tazama jinsi lugha hizi mbili zilivyokwepa. Zote zinacho kitenzi cha kuagua, na hakuna iliyokipeleka kwenye kituo cha hali ya hewa. Kinyarwanda kimechagua kupanga, bila kujua kwamba kimekutana na "forecast" ya kale ya FitzRoy. Kiganda kimechagua kukisia, ambako ni kukiri mapema kwamba tunaweza kukosea. Kiswahili ndicho kilichosema "utabiri wa hali ya hewa".

Je, tulifute jina hilo? La hasha. Limekwisha kita mizizi katika redio, katika vitabu vya shule na katika midomo ya watu kuanzia Mombasa hadi Bukavu, na si kazi ya mwalimu kung'oa mti ambao watu wamekwisha kujenga chini yake. Tunachosema ni kwamba jina la taarifa ni jambo moja, na kitenzi tunachokitumia ndani ya sentensi zake ni jambo lingine. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inatupa mfano mzuri. Taarifa ya kila siku huitwa utabiri, lakini ile ya msimu mzima huitwa mwelekeo wa mvua, na ndani yake tunasoma kwamba mvua zinatarajiwa kuwa za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani. Panapokuwa na hatari, maneno hubadilika tena: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Hizo ni ngazi, na kila ngazi ina neno lake.

Lililotokea Goma

Tuchukue mfano mmoja wa karibu kuonyesha kwa nini ngazi hizo zina uzito. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na uji wa moto ukateremka hadi ukingoni mwa mji wa Goma. Siku zilizofuata ardhi iliendelea kutetemeka pande zote mbili za mpaka, na nyumba za Gisenyi zikapata nyufa. Tarehe 27 Mei mamlaka za Kongo ziliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe, kwa kuwa mlipuko wa pili ulihofiwa. Watu wengi sana waliondoka, baadhi kuelekea Sake, wengine wakavuka kuingia Rwanda. Mlipuko uliohofiwa haukuja, na mwezi Juni watu walianza kurejea.

Sasa tuulize: je, waliosema walikosea? Jibu linategemea kitenzi. Ikiwa walitabiri mlipuko, basi utabiri haukutimia, na safari ijayo wakisema, mtu mwenye akili zake atabaki kwake kulinda mali yake. Ikiwa walitahadharisha, basi hawakukosea hata kidogo. Hatari ilikuwapo, ishara zake kila mtu alizihisi chini ya miguu yake, na kuondoka kulikuwa jambo la busara hata kama mlima ulinyamaza baadaye.

Tukio ni lilelile. Kinachobadilika ni kesi ambayo neno linamfungulia msemaji. Mwenye kutabiri huhukumiwa kwa kilichotokea. Mwenye kutahadharisha huhukumiwa kwa kilichojulikana wakati aliposema. Mfasiri anapoandika "walitabiri" mahali pa "walitahadharisha", amemhamisha mtu kutoka mahakama moja hadi nyingine bila yeye kujua.

Maswali matatu ya mfasiri

Kutokana na hayo, tunawashauri wanafunzi wajiulize maswali matatu kila wanapokutana na "predict".

Swali la kwanza: nani anasema? Kama Kiingereza kimemficha kwa hali ya kutendwa, jitahidi umrudishe. Badala ya "imetabiriwa kuwa", andika "wataalamu wa hali ya hewa wanasema", ikiwa matini inaruhusu.

Swali la pili: anategemea nini? Ndoto na maono, basi kutabiri kunafaa. Bao na ramli, kuagua. Takwimu zisizokamilika, kukisia au kukadiria. Dalili zinazoonekana, kuashiria. Hesabu isiyo na shaka, sema hivyo. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa kikamilifu huko Pakwach, kaskazini mwa Uganda, na saa yake ilikuwa imejulikana miaka mingi kabla. Hilo halikutabiriwa kwa maana ya mtaani. Lilipigiwa hesabu, na elimu yake tunayo jina lake tangu zamani: falaki.

Swali la tatu: yasipotokea, huyu msemaji atalaumiwa? Kama hastahili lawama, usimpe kitenzi kinachomletea lawama.

Hapa pana tahadhari ya upande wa pili. Wapo wanafunzi ambao, baada ya kusikia somo hili, walianza kuandika "huenda" kila mahali. "Huenda mvua ikanyesha." Hilo nalo ni kosa. "Huenda" ni nyepesi mno, na msikilizaji wa "huenda" hataamka kitandani. Kiswahili kina vipimo kati ya "huenda" na "itanyesha": yaelekea, inatarajiwa, kuna uwezekano mkubwa. Matini ya Kiingereza ikiwa na uhakika mkubwa, tafsiri nayo iwe nao. Kiambishi -ta- peke yake ni ahadi, na ahadi ya mvua si ya mwanadamu kuitoa. Lakini kuidhoofisha habari nzito ni kumdanganya msikilizaji vilevile.

Turudi basi kwenye sentensi iliyotusumbua darasani. Baada ya mjadala mrefu tuliafikiana hivi: "Wataalamu wa hali ya hewa wanasema kuna uwezekano mkubwa wa mvua kubwa kunyesha katika wilaya za magharibi." Ni ndefu kuliko ya Kiingereza, na hatuoni haya kwa urefu huo. Tena kwa kuwa taarifa nzima ilikuwa ya kuwaandaa watu wa mabondeni na wa miteremkoni, darasa liliongeza kichwa cha neno moja juu yake: Tahadhari.

Hitimisho

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Katika methali hiyo hakuna mtabiri wala mwaguzi. Kuna wingu, na kuna mtu mwenye macho. Kwa maoni yetu, methali hii inaeleza kazi ya mtaalamu wa hali ya hewa vizuri kuliko kamusi nyingi, na inamkumbusha mfasiri wajibu wake, ambao ni kumwonyesha msomaji wingu lenyewe na kumwacha aamue akiwa na habari kamili.

Hatudai kwamba kutumia kutabiri ni makosa kila mahali. Tunadai kwamba kusiwe jibu la kwanza na la mwisho. Kiswahili kimetupa vitenzi vingi, kila kimoja na msingi wake, na ni aibu kuviacha kabatini kwa sababu tu Kiingereza kina kimoja kinachotosha.

Kwa mazoezi, tunawaomba wanafunzi watafsiri sentensi tatu zifuatazo, kisha waeleze kwa nini wamechagua kitenzi walichochagua: "The old woman predicted the birth of twins." "The bank predicts slower growth next year." "Nobody predicted his resignation." Majibu yaletwe kwa mwakilishi wa darasa, nasi tutayajadili katika toleo lijalo. Na yule mwanafunzi wetu wa Rubavu tumempa kazi ya ziada: akifika nyumbani likizo, amsomee baba yake tafsiri ile mpya ya darasa, kisha atuletee jibu lake.